Kuacha Mazoea Kunauma: Mazungumzo na Wakulima wa Viazi, Kuresoi

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa ugani kwa vikundi vya wakulima wa viazi huko Kuresoi Kaskazini, wakati viazi vya mvua ndefu vilipoanza kutoa maua. Imechapishwa hapa kwa ombi la wakulima waliotaka kuisoma tena nyumbani.

Najua wengi mmefika mkitarajia habari za mbolea. Mbolea tutaizungumza siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya mkono, ule mkono unaochagua mbegu.

Mnajua siku ya kuvuna inavyokwenda. Lori limesimama barabarani, dalali anaangalia saa, vibarua wanachimba. Viazi vikubwa vinaingia kwenye gunia, vya kati navyo vinafuata. Vinabaki chini vile vidogo ambavyo dalali havitaki na mama jikoni hataki kuvimenya. Hivyo vinakusanywa kwenye debe, vinawekwa kando, na msimu ukifika ndivyo vinavyorudi shambani. Hakuna aliyetufundisha jambo hili darasani. Tuliwaona wazazi wakifanya, mkono ukajifunza, na leo mkono hauulizi kichwa tena.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuwadharau wazazi. Walikuwa na sababu zao, tena sababu nzuri. Mashamba ya Molo, Elburgon, Mau Narok na hapa kwetu yalipokuwa mapya kwa viazi, udongo ulikuwa safi na mbegu haikuwa imezunguka misimu mingi. Kiazi kidogo kilikuwa kidogo kwa sababu tu kilichelewa kunenepa. Hata leo kupanda kiazi kizima bila kukikata ni busara, kwa kuwa kisu hubeba ugonjwa kutoka kiazi hiki hadi kingine. Zoea hili lilikuwa sawa kwa wakati wake. Udongo ndio uliobadilika.

Hebu tuangalie kinachotokea siku hizi. Mmea wenye afya hutoa viazi vikubwa vingi na vidogo vichache. Mmea uliodumazwa na virusi hutoa vidogo vitupu. Tukivuna shamba zima na kumwaga lundo moja, halafu tukaondoa vikubwa na kuviuza, tunabaki na nini? Tunabaki na vichache vya mmea mzima na vingi vya mmea mgonjwa. Msimu unaofuata tunapanda hivyo. Tukivuna, tunafanya vilevile. Kwa hiyo kila msimu tunamuuza mzima na kumlea mgonjwa, na baada ya misimu minne au mitano tunasema mvua imeharibika au mbolea ni feki. Pengine kweli mbolea ilikuwa na kasoro. Lakini anza na lile debe.

Nawapa hesabu kidogo. Viazi ni zao la pili la chakula nchini Kenya baada ya mahindi, na kaunti yetu ya Nakuru ni miongoni mwa zile zinazolisha miji. Pamoja na hayo, wastani wa mavuno nchini ni kati ya tani 7 na 10 kwa hekta. Kwa ekari moja hiyo ni kama magunia 60 hadi 80 ya kilo 50. Mkulima mwenye mbegu safi anayetunza shamba lake hufikia tani 20 kwa hekta na zaidi, yaani magunia kama 160 kwa ekari ileile. (Nasema magunia ya kilo 50. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka uzito huo, na mnajua wenyewe kwamba lumbesa bado inapita usiku. Sheria ilibadilika siku moja. Mikono inachukua muda.)

Sasa mtu ataniambia, basi tununue mbegu iliyoidhinishwa. Ni kweli, na kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa ujumbe wa ugani peke yake. Mbegu hiyo ipo. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, linaizalisha hapa jirani Molo, na KEPHIS ndiyo inayoikagua na kuidhinisha. Lakini tuambiane ukweli. Ekari moja inataka magunia kama 16 ya mbegu ya kilo 50, na bei yake si ya debe la mabaki ambalo halikugharimu kitu. Tena mbegu inayozalishwa nchini haijawahi kutosha wakulima wote. Mtu akimwambia mkulima wa nusu ekari anunue mbegu iliyoidhinishwa kisha akaondoka, ameacha tatizo palepale alipolikuta. Mimi ningesema hivi: nunua gunia moja au mawili ukiweza, upande peke yake, uizidishe. Na kwa mbegu uliyonayo tayari, jifunze kuchagua upya.

Njia yenyewe ni nyepesi kueleza. Ilienezwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima nchini Peru, pamoja na watafiti wa hapa kwetu. Viazi vinapoanza kutoa maua, majani yakiwa kijani na kila mmea bado ukionekana peke yake, unatembea mstari kwa mstari. Ukiona mmea mrefu, wenye mashina mengi, majani mapana yasiyo na madoa wala kujikunja, unachomeka kijiti kando yake. Baada ya wiki mbili unarudi. Ule uliokuwa mzuri na sasa umeanza kunyauka au kugeuka manjano, unaondoa kijiti chake. Siku ya kuvuna unaanza na yenye vijiti, mmoja mmoja kwa mkono. Mmea ukitoa viazi vichache au vilivyopinda, unauacha hata kama ulikuwa na kijiti. Iliyobaki ndiyo mbegu: viazi vya ukubwa wa yai la kuku, kutoka kwa mama unayemjua. Majaribio ya wakulima hapa Kenya yalionyesha mavuno yakiongezeka kwa karibu theluthi, bila kununua chochote ila vijiti, ambavyo hata hivyo havinunuliwi.

Ikiwa ni rahisi hivyo, kwa nini wengi hujaribu msimu mmoja wakaacha? Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana sidhani ni uvivu. Mkulima anayeamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe hawezi kuitwa mvivu. Nadhani ni kwa sababu kuacha zoea kunauma, na mara nyingi hatuambiwi mapema kunauma wapi.

Kunauma kwanza pale unapotembea na vijiti. Ukiwa umezoea kuliona shamba kutoka barabarani, ni zuri, ni kijani. Ukilitazama mmea kwa mmea unakuta mingi ina kasoro. Kuna wakulima walioingia na vijiti mia mbili wakatoka na mia na hamsini mkononi. Mtu akifika hapo hujaribiwa kufanya moja kati ya mambo mawili: kulegeza macho na kuchomeka vijiti popote, au kuvitupa vijiti na kusema wataalamu hawajui shamba. Nawaomba msifanye lolote kati ya hayo. Vijiti vichache ni habari, tena habari ya thamani. Vimekuonyesha hali ya mbegu yako kabla hujaipanda tena.

Kunauma pia kwa majirani. Watu wanapita njiani wanauliza, mwenzetu, siku hizi unalima vijiti? Vicheko hivyo si vidogo katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake. Ndiyo maana nimewaita kwa vikundi, nikakataa kwenda boma moja moja. Watu sita wakiwa na vijiti kwenye ridge moja, hapana wa kuchekwa.

Halafu kuna jambo zito zaidi, nalo ni kukataa mbegu ya zawadi. Mama mmoja aliniuliza swali ambalo kitabu cha kilimo hakina. Alisema, mama mkwe akiniletea debe la mbegu, nitamwambiaje ni mgonjwa? Huwezi kumwambia hivyo. Mbegu ni upendo, ni undugu, ndivyo jamii zetu zote hapa zilivyoanza maisha, awe Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii au mwingine. Ushauri wangu ni huu: pokea kwa mikono miwili, sema asante mama, na vile viazi mvipike. Mnyauko wa bakteria haumdhuru mtu anayekula. Maganda na maji ya kuoshea ndiyo msimwage shambani. Mwaka ujao, mpelekee mama mkwe mbegu yako iliyochaguliwa. Hiyo ndiyo lugha atakayoielewa bila mtu kuaibika.

Nimeutaja mnyauko, na lazima niuseme vizuri kwa sababu kwa upande huu vijiti peke yake havitoshi. Mnyauko wa bakteria hauna dawa. Usidanganywe na mtu dukani. Mmea unanyauka ungali kijani, kana kwamba umekosa maji wakati mvua inanyesha. Ukitaka hakika, kata kipande cha shina karibu na udongo, kishikilie ndani ya gilasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio huo. Ukikata kiazi chake utaona mduara wa kahawia. Mmea huo unang'olewa pamoja na viazi vyake na udongo wa mizizi, unatiwa kwenye gunia, unatolewa shambani. Usiutupe mtoni wala kwenye mboji, na ng'ombe wasipewe majani yake. Jembe lioshwe kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo kabla ya kwenda mstari mwingine, hasa jembe la kibarua aliyetoka shamba la jirani. Kung'oa mmea ambao bado una majani ya kijani ni kazi ngumu kwa moyo wa mkulima. Nimeona watu wakiupita mara tatu kabla ya kuinama.

Hapa kuna imani moja ya zamani ambayo ina ukweli nusu. Wengi hununua mbegu kutoka juu zaidi, kule kwenye baridi. Hata wakulima wa milima ya Andes, viazi vilikotokea, wana desturi hiyo, na kwa virusi ni desturi nzuri, kwa kuwa vidukari wanaobeba virusi ni wachache kwenye baridi. Lakini kwa mnyauko, baridi huficha. Mmea unaweza kuwa na bakteria ndani na usionyeshe dalili yoyote huko juu; ukiipeleka mbegu yake penye joto kidogo, shamba linaanguka. Kwa hiyo usiulize tu mbegu imetoka wapi. Uliza shamba hilo lilipandwa nini misimu iliyopita.

Na hapo tunafika kwenye zoea linalouma kuliko yote, la kurudia viazi kwa viazi mahali pamoja. Shangi imetuharibu kwa wema wake. Inakomaa kwa miezi mitatu, inachipua haraka, soko linaipenda. Ukivuna leo, baada ya wiki chache mbegu ina macho na inakuita. Udongo haupumziki. Bakteria hubaki udongoni kwa miaka, na tangu mwaka 2015, nematodi wa viazi walipothibitishwa kuwapo nchini, tuna mgeni mwingine anayefaidika na kurudia huko. Shamba linataka angalau misimu mitatu ya mahindi, minji, kabeji, karoti au nyasi za mifugo kabla viazi havijarudi. Nyanya, hoho na biringanya ni ndugu wa viazi, hazihesabiki kama mapumziko. Managu pia. Najua akina mama mmeshtuka. Managu si adui, palilieni karibu na jikoni, mbali na kipande cha viazi. Na vile viazi vinavyojiotea ndani ya mahindi, ving'olewe. Vikiachwa, mapumziko ni ya jina tu.

Mwenye nusu ekari ataniuliza, nipumzishe shamba nile nini? Ni swali la haki na sina jibu tamu. Kinachowezekana ni kuigawa nusu ekari mara nne, robo moja tu iwe ya viazi kila msimu. Utauza magunia machache mwanzoni. Kwa familia inayolipa karo kwa viazi, msimu wa kwanza na wa pili ni wa kubana matumizi, na afadhali mjue leo kuliko kuja kunilaumu baadaye. Zungumzeni nyumbani, mume na mke pamoja, kabla ya kuanza. Nimeona mipango mizuri ikivunjika kwa sababu mmoja alichomeka vijiti na mwingine akauza kila kitu dalali alipofika.

Kwa nini zoea baya hudumu? Sisi tunaoishi karibu na barabara kuu tuna mfano wetu. Kwenye mteremko wa Salgaa hadi Sachangwan, madereva wa malori walizoea kuteremka gia ikiwa imetolewa ili kuokoa mafuta. Kila safari dereva alifika akiwa na mafuta kidogo zaidi kwenye tangi. Zoea lilimlipa kila siku, papo kwa papo, na gharama yake ilikuja siku moja tu, kwake au kwa mtu mwingine kabisa. Mwishowe ilibidi barabara ijengwe upya na kutenganishwa katikati kwa ukuta. Debe la mbegu ndogo ni hivyohivyo. Leo linakuokolea pesa. Gharama yake inakuja kidogo kidogo, gunia moja kila msimu, na haiji na risiti.

Kwa hiyo usitegemee nia njema. Siku ya kuvuna, dalali akiwa amesimama na pesa mkononi, mkono utafanya ulivyozoea. Panga kazi ili mkono usipate nafasi. Vuna yenye vijiti siku mbili au tatu kabla lori halijaitwa, mbegu iingie ghalani, mlango ufungwe. Mbegu isifichwe gizani ndani ya gunia au shimo kama tulivyozoea. Itandazwe kwenye rafu za mbao au fito, mahali penye kivuli na mwanga hafifu, mvua isipoingia. Itageuka kijani na kutoa machipukizi mafupi yenye nguvu. Kiazi cha kijani hakiliwi, kina sumu, na hiyo pia ni faida: hakuna atakayeipika mbegu yako siku unga umepungua.

Anzeni na kidogo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, robo ekari inabeba kama mimea 4,500. Mmea mzuri ukitoa viazi vinane vya ukubwa wa mbegu, mnahitaji mimea kama 560 yenye vijiti. Wasioweza robo ekari, wachukue mistari kumi. Msimu ujao pandeni mbegu hiyo kando kwa kando na ile ya debe, mbolea ileile, siku ileile, na kila upande upimwe kwa mizani siku ya kuvuna. Andikeni kwenye daftari la mtoto wa shule. Sihitaji mniamini leo. Nitarudi kusoma daftari, na upande wa debe ukishinda tutakaa chini pamoja tutafute sababu.

Nimesema ya kutosha na jua limeanza kutoka. Vijiti viko kwenye yale magunia karibu na lango, na mwenyeji wetu ametukubalia mistari ishirini upande ule wa juu. Tutaingia wawili wawili, mzee na kijana. Kijana atazame, mzee aamue, na mkibishana juu ya mmea mmoja msichomeke kitu, muuache. Tafadhali, kabla ya kuingia, kila mmoja asugue viatu kwenye ile karai ya maji ya dawa. Mama, wewe uliyeuliza habari ya mama mkwe, njoo uanze na mstari wa kwanza.